Kuhusu Ufunguo Ambao Sikupewa

Muleba, jioni ya kuamkia safari yako

Kwako binti yangu mpendwa Kemilembe,

YAH: MAOMBI YA UAMUZI KUHUSU UFUNGUO WA KAYA YETU

Husika na kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu.

Mimi baba yako mzazi, Laurian, mwandishi wa barua na maombi ya watu kwa muda wote wa utu uzima wangu, ninakuandikia nikiwa na akili timamu na bila kushawishiwa na mtu yeyote. Madhumuni ya barua hii ni kuwasilisha kwako ombi moja linalohitaji kupatiwa uamuzi kabla basi la Dodoma halijapita hapo barabarani kesho asubuhi. Ninafahamu kwamba ningeweza kusimama, nikaingia chumbani unakofunga begi, nikasema. Nimejaribu. Nilifika mlangoni, ukaniuliza, "Tata, unatafuta nini?" nikajibu kwamba natafuta panga. Mambo ya watu wengine nayasema kwa sauti kubwa bila shida; yangu mwenyewe hayatoki mdomoni yakiwa na mpangilio. Uniwie radhi.

Masuala ya chakula, mavazi, nauli na namna ya kuishi na mwenye nyumba sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyashughulikia, na ile kahawa ya kutafuna aliyokufungia katika jani la mgomba inatosha kukaribisha wageni wa Dodoma nzima. Mimi nitajikita katika jambo ambalo nimelizunguka kwa muda mrefu kama mbwa anavyozunguka mahali pa kulala. Jambo hilo ni wivu. Nina wivu, Kemilembe. Nilikuwa nao kabla hujapata kazi huko uendako, na ninao sasa ninapoandika, huku nikisikia zipu ya begi lako.

Ili maelezo yangu yawe kamili, naomba nianzie kwenye rweya. Wewe unaifahamu, lakini ukifika ugenini utaulizwa, na ni vizuri uwe na maneno ya kuieleza. Rweya ni ile nyika ya majani iliyoko nje ya migomba yetu, isiyo ya mtu mmoja. Ng'ombe huchungwa humo, na kina mama hukata majani humo ya kutandika ndani ya nyumba na chini ya migomba. Mfanyabiashara mmoja wa Bakoba, kule Bukoba mjini, alipoomba agawiwe sehemu yake ili apande mikaratusi, wanakijiji walinijia mimi. Kwa nani mwingine wangekwenda? Niliandika maombi ya kupinga kwa moyo wangu wote. Kisha nikayapeleka Bukoba, Kashai, kwenye lile duka la steshenari ambako hupigiwa chapa kazi zangu, na yalipotoka kwenye mashine yakiwa bado na joto, niliyasoma barazani kwa sauti, kama ilivyo desturi yangu.

Unajua kilichotokea, kila mtu anajua. Walikuwapo watu waliosubiri kutoa nakala. Mmoja wao, kijana nadhifu mwenye faili mkononi, alisogea karibu.

"Mzee, rudia hapo pa mipaka," alisema. "Umepaandika vizuri sana."

Nikarudia. Akaniomba pia nirudie hoja ya chemchemi, nikarudia na hiyo, na nikaongeza maelezo ya mdomo ambayo hayakuwamo. Alikuwa karani wa mfanyabiashara yule. Kabla wanakijiji hawajatia saini, majibu ya hoja zetu zote yalikwisha kufika wilayani, yakiwa yamepangwa kwa utaratibu uleule niliozipanga mimi.

Kwa muda nilisema kwamba kosa ni la kompyuta ya duka. Nilisema kwamba siku hizi kompyuta zinaibiwa maneno yaliyomo. Wewe ulinisikiliza, ukanitazama, ukasema kwamba ni kweli zinaibiwa, na kwamba kuna njia ya kuzuia. Hukusema zaidi ya hapo. Nilikushukuru kimoyomoyo kwa kunistahi, na papo hapo nikaanza kukuonea wivu, kwa sababu nilitambua kwamba jambo lililokuwa langu limehamia mikononi mwako.

Sasa nije kwenye mkutano ule uani kwa Ta Novatus, mwenyekiti wa chama chetu cha watumiaji wa rweya. Nilikaa nyuma, kwenye benchi la watoto wa katekisimu.

"Barua yetu ilisomwa na adui kabla hatujaisaini," Ta Novatus alifungua mkutano.

"Haikusomwa," Ma Adventina akasema, naye hajawahi kuiacha nafasi ya kunichokoza tangu tukiwa shule ya msingi. "Adui alisomewa. Tena kwa kiitikio."

Wakacheka wote, na mama yako alicheka pia, akajifanya anakohoa.

Kisha ukasimama wewe. Ulisema kwamba safari hii waraka hautakuwa na mwandishi mmoja. Kila mwanachama ataandika kwenye simu yake, wote katika waraka mmoja, hata kwa wakati mmoja, huyu akiwa migombani na yule akiwa mjini. Maneno yatafungwa ndani ya simu kabla hayajatoka, yatasafiri yakiwa yamefungwa, na yatafunguliwa tu ndani ya simu ya mwenye ufunguo; hata wenye kompyuta kubwa inayoyapitisha hawataona kitu isipokuwa vurugu ya herufi. Jambo hilo uliliita usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. Nilikionea wivu hata kifungu hicho cha maneno, kwa kuwa kimekaa vizuri na sikukitunga mimi. Ukaendelea kwamba kila badiliko litapigwa muhuri, kwamba kila muhuri utabeba alama ya muhuri uliotangulia, na kwamba nakala za mihuri hiyo zitakaa katika simu za wanachama wote, ili mtu akigeuza kwa siri kitu kilichokwisha kupita, mihuri yote inayofuata imkatae. Huo ukauita blokcheni. Mimi huuita mnyororo wa mihuri, na naona jina langu linaeleweka zaidi, lakini hakuna aliyeniuliza.

Wazee waliitikia kwa vichwa. Kemilembe, mimi nimewaandikia wazee wale maombi ya mashamba, ya vyeti vilivyopotea, ya watoto kurudishwa shuleni, na sikuwahi kuona wakiitikia hivyo. Walizoea kuniambia "haya, niweke sahihi wapi?" Wewe walikuuliza maswali.

"Na mimi ambaye sijui kuandika Kiswahili cha ofisini?" Ma Adventina aliuliza.

"Andika unachokijua, Ma," ulimjibu. "Cha ofisini tutakipata baadaye, au tusikipate."

Neno hilo, au tusikipate, liliniingia. Mimi Kiswahili cha ofisini nilijifunza peke yangu, kwa kunakili matangazo yaliyobandikwa ukutani na kwa kuomba watu wanionyeshe barua walizojibiwa. Nyumbani kwetu tulisema Kihaya tu. Sikufika sekondari. Kila "taadhima" na kila "kwa minajili hiyo" niliinunua kwa jasho, nikajijengea nayo nyumba, na binti yangu akasimama mbele ya watu akasema kwamba nyumba hiyo si lazima.

Mkaweka kanuni kwamba kila kaya itapata ufunguo mmoja. Ta Novatus alipoifikia kaya yetu katika orodha, hukunitazama. Ulisema, "Mawe ndiye anayekwenda rweya," ukimtaja mama yako kwa Kihaya. Zikasogezwa simu mbili, yako na ya mama yako, mkasomeana ana kwa ana namba za uthibitisho zilizotokea kwenye vioo, taratibu, kama watu wanaofundishana sala. Kwenye benchi la watoto nilitazama mbele kana kwamba kuna picha ukutani.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa humu ndani baada ya hapo, maana wewe siku nyingi ulikuwa Kashai. Mama yako alianza kucheka peke yake jikoni. Anamenya ndizi, simu iko juu ya mtungi, anaitazama, anacheka.

"Nani anakuchekesha?" nikauliza.

"Waraka."

"Waraka wa ardhi unachekesha?"

"Ta Novatus kaandika kwamba chemchemi ilichimbwa na babu yake. Adventina yuko Kanazi kwa dada yake, kaifuta hukohuko. Ta Novatus kairudisha. Sasa hivi kaifuta tena."

"Nisomee."

"Siwezi, baba Kemi. Kanuni."

Katika ndoa yetu yote mama yako alikuwa akinisomea hata barua za dada zake, zile zenye aibu. Sasa aligeuza kioo cha simu upande wa ukuta kwa upole kabisa, kama mtu anayefunika chakula ili nzi wasiingie, na nzi mwenyewe nilikuwa mimi. Nililala nikimwonea wivu mke wangu, nikaamka nikimwonea wivu. Kama angekuwa na mwanamume mwingine ningejua pa kwenda kushtaki. Ningeandika. Lakini yeye alikuwa na waraka.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, nitasema na hili. Siku moja nilikuletea mkungu wa ndizi kule Kashai, kwenye chumba cha kupanga ambamo wewe na mwenzako Edgar mliitengeneza programu hii. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia ukisema, "Soma tena kuanzia pale," naye akasoma, ukamkatiza, "Hilo neno halina kazi, litoe." Wewe ulipokuwa mdogo ulikaa magotini pangu hapa hapa mezani, nikakusomea rasimu zangu, na ukanionyesha kwa kidole maneno uliyoyaona marefu. Mengine niliyatoa kwa ajili yako. Niliuweka mkungu mlangoni nikaondoka bila kubisha hodi. Ulinipigia simu baadaye kuuliza kama ni mimi, nikasema nilikuwa na haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Nilikwenda nikakaa ufukweni nikatazama ziwa, nikajiambia kwamba Edgar huyo hata mkono wake haujui kalamu.

Sasa nafika kwenye tukio lenyewe. Naomba ulisome kwa utulivu, kwa sababu hadi leo umesikia upande wa mkutano tu.

Mama yako alikuwa ametoka kwenda kugeuza kahawa iliyoanikwa, maana mawingu yalikuwa yakija. Simu aliiacha wazi. Sikukusudia kuishika, nilikusudia kuiangalia. Niliona kifungu alichokuwa amemaliza kuandika kuhusu mpaka wa kaskazini. Nitakinukuu kama ninavyokikumbuka: "Tunakata majani kuanzia jiwe lililopasuka hadi panapoota miti ya mbirizi mitatu, hapo mama mkwe alinionyesha nilipoolewa, akasema ukivuka hapo unakata ya watu wa ng'ambo na watakufukuza, na kweli nilivuka nikafukuzwa." Basi. Hakuna salamu, hakuna rejea, hakuna utangulizi.

Mwanangu, nilihisi aibu kwa niaba ya kaya. Nilifikiri juu ya afisa atakayesoma. Nikafuta, nikaandika kwa kidole kimoja: "Rejea kichwa cha habari tajwa. Eneo husika limekuwa likitumiwa na wanajamii tangu enzi kwa shughuli mbalimbali za kijamii na kiuchumi kwa mujibu wa mila na desturi." Nilikisoma mara mbili. Nilikiona kizuri. Nikarudisha simu juu ya mtungi, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano nilikula nikashiba.

Jumapili, baada ya Misa, mlipokutana tena uani kwa Ta Novatus, alivaa miwani, akasoma simu yake, akainua uso kwa mama yako.

"Ma Leonida, tangu lini unafanya shughuli mbalimbali?"

Watu walicheka hadi kuku wakakimbia. Ma Adventina alisema, "Huyu ni Ta Laurian amevaa kanga." Nilikuwapo. Nilisimama pale nikiwa nimevaa koti langu la kanisani, na kila mtu akanijua kwa maneno yangu. Mnyororo wenu ulisema ni mama yako aliyeandika. Mihuri yote ilikubali. Walionitambua ni majirani.

Mama yako angeweza kudanganya ili kunilinda. Alisema, "Sikuandika mimi."

Nawe ukafanya ulichofanya. Kanuni ilikuwa kwamba mkono mwingine ukiandika kwa ufunguo wa mwanachama, ufunguo huo unafutwa. Nilikutazama, Kemilembe. Nilitegemea kwamba utasema tulizungumze nyumbani. Ulitoa simu yako, ukafuta ufunguo wa mama yako mbele ya watu wote, ukasema kwamba kama ukiwaachia wazazi wako hutaweza kumkatalia mwingine yeyote. Kidole chako hakikusita. Nilikionea wivu kidole hicho. Sijawahi kumkatalia mtu aliyenijia na jambo lake, hata nilipojua kuwa ni la uongo, na siku zote nimejiambia kwamba huo ni wema wa kazi.

Halafu ukarudisha kifungu cha mama yako. Ulibonyeza mara chache tu, na jiwe lililopasuka likarudi, na miti ya mbirizi, na mama yangu mzazi aliyefariki akarudi akimwonyesha mkwe wake mpaka. Ulisema kwamba hakuna kilichopotea, kila hatua imehifadhiwa na inaonekana. Watu walifurahi, lakini mimi nilikumbuka namna yangu ya kufanya kazi. Mimi nikishamaliza kunakili safi, rasimu huwashia moto. Tangu nianze kazi hii mama yako amepikia rasimu zangu. Ni mangapi ya aina ile watu waliniambia kwa midomo yao, yenye jiwe na yenye mti, nami nikayageuza kuwa shughuli mbalimbali, kisha nikayatia jikoni? Siwezi kujua. Sina mnyororo wa kuniambia.

Hata hivyo, usidhani kwamba nimesalimu amri kwa kila kitu. Hoja hii nilikueleza juzi tukirudi kutoka kuchuma kahawa, nairudia kwa maandishi. Alinijia mama mmoja mjane niandike malalamiko dhidi ya shemeji yake. Alimwaga maneno mazito, laana zenyewe, nikaandika yote. Asubuhi yake alirudi mapema, kabla sijafungua daftari, akasema, "Ta Laurian, yale ya jana yachome, shemeji alinizikia mtoto." Nikachoma mbele yake. Alikaa mpaka karatasi ikawa jivu. Nilikuuliza: mama yule, katika waraka wenu usiosahau, angechoma wapi?

Nilijua nimekushinda. Ukaweka kikapu chini.

"Tata, mnyororo haushiki maneno," ukasema. "Unashika muhuri wa maneno tu, kama alama ya dole gumba. Maneno yenyewe yamefungwa pembeni. Ukiharibu ufunguo wake, muhuri unabaki, unasema hapa palikuwa na kitu, lakini hakuna atakayekisoma tena."

"Kwa hiyo watajua kwamba alisema kitu."

"Watajua."

"Mimi nilipochoma hawakujua hata hilo."

Ukaandika hoja yangu kwenye simu yako, ukasema utampelekea Edgar. Nilifurahi kiasi cha kukosa usingizi. Na papo hapo nikaona wivu kwamba hoja yangu inakwenda kwa Edgar, nayo itasomwa mahali ambapo mimi sitaingia.

Hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo, kama kuna la kuondoka nalo. Huko Dodoma utafunga nyaraka za watu wakubwa kuliko sisi. Utaulizwa nani aingie na nani abaki nje. Ukimwacha mtu nje, mwambie sababu ukiwa umemtazama. Mimi nilistahili kubaki nje. Tatizo ni kwamba ulisema "Mawe ndiye anayekwenda rweya" huku ukitazama meza, na nikapata nafasi ya kujitungia sababu nyingine zote, na nikazitunga, maana kutunga ndiyo kazi yangu. Kufuli yako haikuwa na kosa. Lakini mtu aliyeachwa nje bila neno hukaa dirishani, na mtu wa dirishani mwisho huingiza mkono.

Na mama yako hukumwambia kitu tuliporudi nyumbani siku ile. Ulikwenda moja kwa moja kuoga. Yeye alikaa jikoni bila kuwasha moto. Nilipomwendea alisema, "Mmoja kaniandikia, mwingine kanifutia, na mimi nilikuwa naanika kahawa." Tangu hapo hajalitaja jambo la rweya. Sehemu ya kaskazini katika waraka, kwa jinsi Ta Novatus anavyoninong'oneza akijua kwamba hairuhusiwi, imeishia kwenye miti ya mbirizi na haijafika chini kwenye mto. Hakuna mwanachama mwingine aliyeonyeshwa mpaka ule hatua kwa hatua, na mfanyabiashara anataka kuanzia hapohapo. Waraka usipofika mtoni, sehemu hiyo itaandikwa kuwa haina mwenyewe.

Jana ukasema mezani kwamba wanachama wameridhia kaya yetu irudishiwe ufunguo, kwamba ni wewe tu uliyekabidhiwa kazi ya kuingiza watu, na kwamba namba lazima zisomwe ana kwa ana, kwa hiyo tuchague simu moja kabla hujaondoka. Mama yako hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Mpe baba yako," alisema. "Mimi nina migomba."

Ukanitazama. Nikaomba chumvi.

Kwa hiyo hali ilivyo ni kwamba nikinyamaza tu, nimepata. Ufunguo utakuwa wangu kihalali, kwa ridhaa ya kaya, na jina langu litasimama kwenye muhuri. Sitaficha jinsi ninavyoutaka. Jana baada ya chakula nilikwenda nyuma ya nyumba nikaichaji simu yangu kwenye sola hadi ikajaa, nikaifuta kioo kwa shati. Nilijiona nikiandika kutoka Kashai, Ma Adventina akinifuta kutoka Kanazi, nami nikijirudisha. Nilijiona nikijua mnachocheka.

Leo mchana nilimfuata mama yako migombani. Alikuwa akitandaza majani. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, kutoka kwenye miti ya mbirizi, mpaka wa rweya unaelekea wapi. Aliendelea kutandaza.

"Unauliza ili ukaandike?"

"Nauliza tu."

"Unashuka na kijito hadi kwenye shimo la udongo mweupe, unaacha shimo mkono wa kulia. Zamani palikuwa na njia ya ng'ombe, sasa imefunikwa, lakini mguu unaijua." Akanyooka, akashika kiuno. "Sasa wewe utaandika nini hapo? Kwamba kuna miundombinu ya asili?"

Nilicheka, naye akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Nilijaribu kuisema sentensi yake kichwani nikielekea nyumbani. Kufika mlangoni tayari nilikuwa nimeiwekea "sanjari na hayo". Sikukusudia. Ndivyo mkono wangu ulivyo, na kwa umri huu hautabadilika.

Nilimrudia nikamwambia autwae yeye. Alisema, "Nilifutiwa mbele ya watu. Siendi kuuomba. Kemi ndiye aamue." Nadhani amesema kweli. Hawezi kuuomba, na mimi siwezi kumpa kitu nisichokuwa nacho.

Kwa kuzingatia maelezo yote hayo, mimi, nikiwa mkuu wa kaya, na nikiwa bado na wivu uleule niliokueleza, ninapendekeza kwamba ufunguo uwekwe kwenye simu ya mama yako, Leonida. Kwamba umwendee wewe, usisubiri akufuate. Na kwamba namba zisomwe hapa ndani, mbele yangu, nikiwa nimekaa. Simu yangu nitaizima.

Basi hupita mapema. Naomba uamue usiku huu ufunguo ukae kwa nani, kisha uje utuambie sote wawili kwa mdomo wako.